Wa Kumi Bado

Tensta, Jumamosi, 5 Oktoba 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Habari za nyumbani, na kifua chako kinasemaje? Mdogo wangu Paskalia aliniambia kwenye simu kwamba kikohozi kimepungua, lakini Paskalia tangu utoto anapunguza kila kitu. Hata makosa ya hesabu alikuwa anayapunguza kabla hajakuonyesha daftari. Sisi huku ni wazima. Alma amerefuka, viatu vya mwaka jana havimwingii. Namsemesha Kiswahili ananijibu Kiswidi, nikimkazia macho ananiambia "shikamoo," hata kama anaomba maji. Nimeandika kwa mkono kama ulivyoagiza, maana kwako simu ni ya kuulizana bei ya ndizi, mambo ya maana yanaandikwa. Kurasa nimezipiga picha, Paskalia atakuonyesha.

Nina la kukueleza. Unajua kazi yangu ya kuzunguka majumbani kwa wazee, kuwaogesha, kuwapa dawa, kuwapashia chakula. Wiki mbili zilizopita mwenzangu Emérithe, yule Mkongo, alinifuata akiwa amebadilika uso. "Asteria," akasema, "kule Hässelby kuna mzee wa Kizungu anaongea Kiswahili. Lakini haongei na mimi. Anaongea na viti. Mimi sirudi pale, jamais, kamwe." Msimamizi wetu akanipangia mimi.

Ni profesa mstaafu wa falsafa, Myahudi, anaitwa Mikael Grünhut, ana miaka themanini na sita. Anaishi ghorofa ya tatu, dirisha lake linatazama ziwa. Kiswidi kilimtoka chote mwezi wa nne, kwa siku chache tu. Daktari anasema wazee wengine lugha huwahama, lakini hajui kwa nini kwake imebaki hii. Nilipofungua mlango akaniambia, "Karibu, mwanangu. Umeamkaje?" kwa lafudhi ya kwetu kabisa, ile ya Bukoba. Baba, nilishikilia mlango. Siku ya pili nikambebea zile kahawa za kutafuna ulizonipa nilipokuja likizo. Alizipokea mbili, kwa mikono miwili, akatia mdomoni akafumba macho. Nani huku anajua kupokea kahawa namna ile?

Sebuleni kuna viti kumi, vimepangwa safu mbili, vimeelekea meza yake. Kimoja nilikisogeza nifagie, akalia kama mtoto mpaka nikakirudisha.

Halafu akaniuliza jina. Nikasema Asteria Kamuhabwa. Akatazama kiti cha mwisho karibu na dirisha. "Kamuhabwa bado," akasema. "Tutamngoja."

Baba, wewe ulisoma chuo cha ualimu pale ziwani. Unamfahamu mtu huyu?

Bintiyo,
Asteria


Bukoba, Jumatano, 9 Oktoba 2024

Asteria mwanangu,

Marahaba. Nimefurahi kusikia mko wazima. Kifua kipo palepale, hakijaongezeka wala kupungua, usimsikilize Paskalia. Mvua zimeanza. Senene wamechungulia wiki hii, lakini ni wachache, na watoto wa jirani wamewamaliza kabla sijapata sufuria.

Kuhusu hilo uliloandika: akina Kamuhabwa tuko wengi mkoa huu. Walimu wa Kizungu walipita wengi pia. Mhudumie mzee wa watu vizuri, mpe dawa zake, mfunge vifungo vya shati. Lakini usimwambie wewe ni binti wa nani. Na usimwambie kwamba baba yako yu hai.

Mbusu Alma. Mwambie babu anasema maji hayaombwi kwa shikamoo.

Baba yako


Tensta, Jumamosi, 26 Oktoba 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua inakukuta salama. Huku majani yameanguka, giza linaingia mapema, na kesho wanarudisha saa nyuma, basi ndiyo litaingia mapema zaidi. Mimi nina mafua kidogo tu, usianze kunitumia majani ya dawa.

Baba, ulivyojibu sikupenda. Hukusema ndiyo, hukusema hapana. Mimi ni mtoto wa mwalimu, najua mwanafunzi anayezunguka swali.

Sasa nikueleze kinachotokea mle ndani. Kila siku saa tisa alasiri Profesa anavaa koti, anasimama mezani na kufungua daftari la mahudhurio la zamani, jalada la kahawia, limeandikwa 1972 kwa wino. Anaita majina kumi. Akiita jina, anasubiri. Kisha anatikisa kichwa kama mtu aliyeitikiwa, anasema, "Karibu, keti," na macho yake yanamfuata mtu kutoka mlangoni hadi kitini. Mimi simwoni mtu. Lakini baba, Mungu ananiona, kiti kinalia. Vile viti ni vya mbao, mtu akikaa vinalia, na mimi nimevisikia.

Majina mawili tu hayaitikiwi. Severin Ndyanabo na Boniface Kamuhabwa. Kwa hayo anasema "Bado," anafunga daftari na kuketi. "Hatuwezi kuanza," ananiambia. "Tunataka kumi."

Jana alipolala kidogo baada ya chakula nilifungua lile daftari. Ukurasa una majina yenu, na ni mwandiko wako, baba. Ile K yako yenye mkia ninaijua tangu nikiwa chekechea. Mbele ya kila jina Profesa ameandika tarehe ileile moja ya mwaka 1972, na neno "bado," majina kumi, bado kumi. Lakini pembeni kuna tarehe nyingine, kwa kalamu tofautitofauti, mwandiko wa Profesa. Eliakim, 17 Mei 1979. Idd, 4 Machi 1991. Wa mwisho mwaka 2020. Nimekunakilia zote nyuma ya ukurasa huu. Yako na ya Severin hazina kitu.

Nilimuuliza Lina. Huyu ni mtoto wa binamu yake, huja Jumapili kumletea maua na supu, mwanamke mpole. Anasema Mikael alikuwa mtu wa akili kavu, asiyeamini mizimu wala Mungu. Alifundisha chuo kikuu miaka ishirini na mitano, akaandika kitabu kimoja tu, kinachouliza kama ahadi uliyompa mtu bado inakufunga mtu huyo akishakuwa hayupo. Lakini tangu Lina akiwa msichana, anasema, mara mojamoja mezani mjomba aliacha uma, akanyamaza kama anayesikiliza ukutani, akaenda chumbani kuandika tarehe. Wakimuuliza anasema, "Mwanafunzi amefika."

Niambie tarehe hizi ni za nini.

Bintiyo,
Asteria


Bukoba, Jumatano, 30 Oktoba 2024

Asteria mwanangu,

Marahaba, mama. Pole na mafua. Majani ya dawa nilishayatuma kabla barua yako haijafika, kwa hiyo utayanywa.

Nimekaa na karatasi yako siku mbili. Paskalia anafikiri nimeugua kwa sababu sikugusa ndizi. Nilichukua kalenda zangu za zamani, nikaenda kwa mjane wa Eliakim, nikapanda gari hadi Kemondo kwa ndugu zake Idd. Sikuwaambia ninatafuta nini.

Eliakim alikufa vitani, Mei 1979. Idd alizama ziwani Machi 1991, walimpata baada ya siku tatu, lakini siku aliyozama ni tarehe nne. Wengine vilevile, wote wanane. Hakuna aliyemwandikia Mwalimu Mikaeli. Hakuna aliyekuwa na anwani yake, na aliyekuwa nayo angeona haya kuitumia.

Ndiyo, nilikuwa mwanafunzi wake. Nilikuwa kiranja wa darasa, ndiyo maana daftari ni mwandiko wangu. Tulikuwa kumi, wote wanaume. Siku ya kwanza alituhesabu akacheka. Akasema kwao watu kumi wakiketi pamoja wanatosha kumwombea marehemu, wakiwa tisa hawaruhusiwi. "Basi nikifa nimepata watu wangu," akasema. Tulicheka naye. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na tatu, mwembamba, anatufundisha falsafa ya elimu kwa Kiswahili alichokiokota sokoni.

Severin yuko hai. Anakaa Muleba, ana ng'ombe watatu na mdomo uleule. Jana nimeongea naye kwenye simu, amenitukana kwa upendo dakika kumi nzima.

Usiliguse tena daftari hilo.

Baba yako


Hässelby, Ijumaa, 8 Novemba 2024

Baba,

Shikamoo. Sitauliza mengi leo. Naandikia jikoni kwake, Profesa amelala kitini, naandika haraka kabla hajaamka, utanisamehe mwandiko.

Saa tisa ameita majina. Alipofika kwa Severin akasubiri kama kawaida. Mimi nilikuwa namkunjia blanketi. Mara akacheka, baba, alicheka kabisa, akasema, "Severin! Na mdomo wako wote, leo umeingia kimya!" Kiti cha safu ya nyuma kikalia. Akachukua kalamu akaandika tarehe ya leo. Kisha akaita jina lako, akangoja kuliko siku zote, macho yake mlangoni. "Bado," akasema. Halafu akanigeukia mimi. "Wa kumi tu ndiye bado. Unajua yuko wapi?"

Nikasema sijui. Nimemdanganya mtu mzima kwa ajili yako.

Mpigie Severin simu. Tafadhali mpigie sasa hivi.

Asteria


Bukoba, Jumatano, 13 Novemba 2024

Asteria mwanangu,

Marahaba. Natumaini umetulia na Alma hajambo.

Severin tulimzika Jumapili. Alianguka zizini Ijumaa jioni, saa kumi na moja, amebeba majani ya ng'ombe. Hiyo kwenu ndiyo saa tisa. Barua yako Paskalia alinionyesha saa moja, na mtoto wa Severin alinipigia saa tatu. Kwa hiyo mimi nilijua kabla ya wanawe wengine, na nililia peke yangu wakati nyumba nzima inanishangaa.

Sasa nitakueleza yote, maana nimebaki mimi.

Mwaka ule wa 1972, Septemba, ndege za Uganda ziliangusha mabomu Bukoba. Watu walikufa. Tukaamriwa kuzima taa jioni, tukafundishwa kutazama kila mgeni. Mwalimu Mikaeli alikuwa na nyumba ndogo juu ya ziwa, na mimi nilikuwa nimeona jambo miezi mingi: kila Ijumaa jua likizama aliweka mishumaa miwili dirishani, upande wa maji. Siku nyingine hakuweka. Ijumaa tu, miwili tu, saa ileile. Hata baada ya amri aliiweka, ila aliisogeza nyuma ya pazia. Mimi nikaunganisha. Ziwa, mpaka, taa mbili, Ijumaa kwa Ijumaa. Niliona fahari kwamba nimegundua. Nikawaambia wenzangu kwamba anawapa ishara watu wa majini, nikaenda nikamwambia balozi wa nyumba kumi, naye akaenda mbele zaidi.

Kabla hawajaja kumchukua tuligoma. Mimi ndiye niliyepanga. Tulijificha nje, chini ya dirisha la darasa, tuone atafanya nini akikuta viti vitupu. Aliingia. Tulisikia akifungua daftari. Akaita Eliakim, akangoja. Akaita Idd, akangoja. Aliita wote kumi, na kila jina alilipa nafasi yake, hakuharakisha. Jina langu lilikuwa la mwisho. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kusikia pumzi yake, na ulimi wangu ulikuwa umeshanyanyuka. Sikuitika. Akasema, "Bado," polepole. Hakusema "hayupo," akasema bado. Kesho yake walimchukua, wakamlaza rumande siku mbili, wakampandisha meli ya Mwanza, na daftari letu akaondoka nalo. Hawakupata redio wala karatasi. Walikuta mfuko wa mishumaa.

Miaka hamsini na miwili imepita, nimefundisha watoto wa watu, nimeita majina elfu na elfu, na kila nikiita naisikia ile "bado." Naona aibu, mwanangu. Mama yako alikufa hajui.

Nimemwandikia Mwalimu barua na kuitia gundi. Josephine, yule mwenzako wa huko aliyekuja likizo, anarudi wiki hii, atakuletea. Msomee. Mwisho wake kuna neno moja: nimeitika. Ukishamsomea atakuwa na kumi wake, naye ataanza somo lake, na mimi nitapumua.

Baba yako


Tensta, Jumapili, 24 Novemba 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Habari za kifua? Safari hii nauliza kwa hofu, si kwa desturi. Paskalia amekiri kwamba unalala umekaa na kwamba daktari anataka upigwe picha Mwanza. Kwa nini mnanificha?

Josephine ameleta bahasha. Iko kabatini, chini ya sweta za Alma. Sijaisoma, na sijamsomea.

Leo nimemuuliza Lina kuhusu mishumaa, maana Profesa anaiweka mpaka leo. Huku Ijumaa jua linazama karibu saa tisa, na mimi ndiye ninayemwashia kiberiti. Nilidhani ni dini. Lina akasema ni dini ya shangazi yake Profesa, Profesa mwenyewe haamini. Alizaliwa Vienna mwaka 1938. Akiwa na mwaka mmoja mama yake alimkabidhi kwa shangazi wapande treni waje huku. Mama alibaki kungoja karatasi zake, akasema atafika Ijumaa. Hakufika, na hakuna aliyemwona tena. Shangazi alipokuwa anawasha mishumaa ya Sabato alimwambia mtoto, "Tuiweke dirishani, mama yako ajue nyumba ni ipi." Alipokua akajua mama alishakufa zamani, na alijua na namna alivyokufa. Akaendelea kuiweka. Kitabu chake kizima ni hilo, anasema Lina, ila neno mama halimo hata mara moja.

Kwa hiyo baba, hukukosea kwamba alikuwa anampa mtu ishara.

Sasa nisikilize. Tisa wameitika na tisa wamekufa. Unataka nisome mbele ya vile viti neno moja la kuitika kwako? Nawe unalala umekaa? Mimi si mjinga wala si mshirikina, nimesoma, nalipa kodi, napanda treni na watu wenye akili timamu. Lakini Ijumaa hii alipoita jina lako, kile kiti cha dirishani kilikuwa kimesogea nusu hatua kutoka kwenye safu, kama unavyomvutia mgeni kiti. Hakuna aliyekigusa.

Daftari nimelificha juu ya kabati. Haikusaidia, anayajua majina kwa moyo.

Usiitike, baba. Nakuomba. Mwombe Mungu msamaha, mwombe hata yeye kimoyomoyo, lakini usiitike.

Bintiyo,
Asteria


Bukoba, Jumatano, 27 Novemba 2024

Asteria,

Marahaba. Msomee mzee barua yake.

Umeandika mambo ya mama yake, nami sikulala. Mimi nilimtoa yule mtu dirishani akiwa anamngoja mama yake. Nisikilize vizuri, kwa sababu sitarudia. Ninaogopa kufa kama mtu yeyote. Lakini naogopa zaidi yeye afe akisema "bado." Ukiificha barua ile, umeketi nami chini ya dirisha lilelile.

Baba yako


Tensta, Alhamisi, 19 Desemba 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nimekaa kimya wiki tatu, nawe umekaa kimya, na Paskalia anatuma vikatuni vya mioyo kana kwamba hatumjui. Najua umekasirika. Endelea kukasirika, ilimradi unapumua.

Profesa alifariki Ijumaa iliyopita, tarehe 13. Nilikuwapo.

Sikumsomea. Kila siku niliibeba bahasha kwenye mkoba, na kila saa tisa nilisema kesho. Ijumaa ile hakuweza kusimama. Aliomba nimvalishe koti akiwa kitandani, nikamwashia mishumaa, nikamwachia mlango wa sebuleni wazi avione viti. Aliita majina kwa sauti ndogo. Tisa waliitika. Akaita lako. Nilikuwa nimeshika bahasha ndani ya mfuko wa koti langu la kazi, kidole kimeshafika kwenye gundi. Akangoja. Baba, ningeweza. Ilikuwa pumzi moja tu. Akanitazama, akasema, "Usilie, mwanangu. Ana safari ndefu." Kisha akasema "bado," na hakusema tena kitu.

Mishumaa ilikuwa haijafika nusu. Mmoja ulizimika pale pale, dirisha limefungwa. Wa pili uliwaka hadi mwisho, nami sikuthubutu kuuzima.

Tulimzika Jumanne. Ni sanduku la mbao tupu, halina hata msumari unaong'aa, na kila mtu anatia udongo kwa zamu, akimaliza anachoma sepetu kwenye lundo wala hamkabidhi mwenzake mkononi. Zamu yangu ilipofika nilitoa bahasha yako nikaidondosha pamoja na udongo. Lina aliona. Aliniambia wao hata maandishi yao ya heshima yakichakaa huyazika makaburini, basi nisihofu, imekaa mahali pake. Nikasema kwa Kiswahili, kimoyomoyo, "Mwalimu, hii imetoka kwa Boniface." Sikusema neno lililomo ndani.

Sasa nina aibu yangu, kama wewe na yako. Nilikupenda wewe, na yeye nikamnyima kitu alichokingoja miaka hamsini. Sijui kama utanisamehe. Mimi nikiamka asubuhi bado sijajisamehe.

Lina amenipa daftari. Sikulitaka nyumbani, Alma alilifungua akaniuliza kwa Kiswidi huyu Boniface ni babu? Malik, mtu wa kwetu anayekaa Bredäng, anakuja Bukoba likizo, nimempa akuletee. Choma, au zika, au fanya utakavyo. Tafadhali nenda Mwanza ukapigwe picha.

Bintiyo,
Asteria


Bukoba, Ijumaa, 10 Januari 2025

Asteria mwanangu, mama yangu mdogo,

Marahaba, na marahaba ya barua zote ambazo sikuzijibu. Heri ya mwaka mpya kwako na kwa Alma. Mwambie ndiyo, huyo Boniface ni babu, na ana mwandiko mzuri kuliko wa mama yake.

Nilikukasirikia hadi Krismasi. Siku ile Paskalia alinipikia senene, nikala, nikakukumbuka ulivyokuwa unawachambua mabawa ukiwa na miaka minne, hasira ikaniisha. Ulificha barua ili baba yako aishi. Mimi nilificha sauti yangu ili nisionekane mjinga mbele ya wenzangu. Sababu yako ni bora kuliko yangu. Nimekusamehe, usilirudie jambo hilo kwenye barua nyingine.

Mwanza nilikwenda. Picha wamepiga. Paskalia atakuambia imepungua.

Malik alileta daftari Jumatatu, limefungwa kwenye gazeti la Kiswidi. Niliona "bado" zile kumi, na tarehe tisa pembeni. Pembeni ya jina langu palikuwa patupu. Nikalirudisha kwenye gazeti.

Tangu nipate habari ya kifo chake, kila Ijumaa naweka mishumaa miwili dirishani, upande wa ziwa. Nilianza kwa majuto tu. Ijumaa ya pili balozi wetu alikuja, kijana mzuri, nilimfundisha darasa la tatu. Alikaa, akanywa chai, akazunguka weee, mwisho akauliza, "Mwalimu, watu wanasema unawapa ishara watu wa majini. Ni kweli?" Nilicheka mpaka kikohozi kikanikaba, yeye akanipigapiga mgongo. Nikamwambia ni kweli. Nikamwambia kuna mtu simjui alipo, nataka ajue nyumba ni ipi. Aliondoka haraka, chai hakumaliza.

Leo jua limezama saa moja na dakika chache. Nimewasha. Paskalia alikuwa jikoni. Ziwa limetulia, na wavuvi wa dagaa hawajatoka, maana mwezi ni mkubwa. Taa zao nazijua, nimeziona maisha yangu yote, zinayumba na ni nyingi. Nilizoziona mimi ni mbili. Zilikuwa mbali, mahali ambapo hakuna kisiwa, hazikuyumba. Nilidhani ni kioo kinarudisha mishumaa yangu. Nikafungua dirisha, zikabaki. Nikazima mshumaa mmoja, kule mmoja ukazimika. Nikauwasha, nao ukawaka.

Nilihisi baridi kutoka kichwani hadi kwenye nyayo, lakini haikuwa hofu, mwanangu, au ilikuwa hofu iliyokwisha kazi yake. Nyuma yangu nikasikia kiti kinalia. Kisha kingine. Nilivihesabu bila kugeuka, hadi tisa. Nyumba hii ina viti vinne.

Kisha ikaja sauti ya kurasa. Daftari lilikuwa mezani, ndani ya gazeti lake, na sikuligusa. Akaita Eliakim. Akaita Idd. Hakuharakisha, alilipa kila jina nafasi yake kama siku ile, na Severin aliitika kwa mbwembwe zake zote. Mimi nilikuwa wa mwisho, na nilikuwa na muda wa kutosha wa kufikiri. Nilimfikiria mama yako. Nilikufikiria wewe na bahasha yako. Nikafunga vifungo vya shati.

Ninaandika haya nikiwa nimeketi, kalamu ni yangu na mwandiko ni wangu, unaona ile K. Tarehe nimeijaza mwenyewe pembeni ya jina langu, maana kazi ya kiranja ni kujaza daftari, na chini ya majina kumi nimeongeza mstari wa Mikaeli, 13 Desemba 2024. Kurasa hizi nitampa Paskalia azipige picha sasa hivi, kabla somo halijaanza. Wananingoja.

Aliita, "Boniface Kamuhabwa."

Nilisimama wima, mikono nyuma, kama tulivyofundishwa kusimama darasani, nikasema kwa sauti iliyofika jikoni: "Nipo, mwalimu."

Baba yako,
Boniface